Sadaka Ikishafika Inafanya Nini?

Katika sharika zetu hakuna kazi inayofanywa kwa uangalifu kama kuhesabu sadaka. Ibada ikiisha, wazee wa zamu hukaa mezani, noti hupangwa kwa thamani zake, sarafu za Shule ya Jumapili hurundikwa kumi kumi, jumla huandikwa kitabuni na watu wasiopungua wawili hutia saini. Ikipungua shilingi mia tano, hesabu inarudiwa. Tunafanya hivyo kwa sababu fedha ile ni ya Mungu, na hatutaki mtu yeyote apate neno la kusema juu yake.

Lakini fedha hiyo hiyo ikishatoka mlangoni kwenda kwa maskini, hesabu yetu inakoma. Tunajua kwa shilingi kilichoingia, na kuhusu kilichotokea baadaye tuna picha moja ya kukabidhi msaada na shukrani za mwenyekiti wa kijiji. Tukiulizwa kama mtoto yule bado yuko shuleni, au kama mama yule mjane analala na njaa au hapana, tunajibu kwamba tulimpelekea gunia la mahindi wakati wa Krismasi. Jibu hilo ni la kweli, ila linahusu gunia, na tulikuwa tumeulizwa habari za mama.

Swali tunalotaka kulitazama katika makala haya ni hili: je, ni haki kwa Mkristo kuipima huruma yake? Je, anayeuliza kama msaada umefanya kazi ameonyesha upungufu wa imani, au ametimiza wajibu wake?

Wapo ndugu wanaosema kwamba kupima ni kukosa imani, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Wanatukumbusha mafundisho ya Bwana katika Mathayo 6, kuhusu mkono wa kushoto usiojua linalofanywa na wa kuume. Wanatukumbusha pia mfalme Daudi, aliyewahesabu watu na hesabu ile ikamletea Israeli tauni (2 Samweli 24). Kutoa ni kutoa, wanasema. Matokeo tumwachie Mungu.

Tukizisoma sehemu hizo mbili kwa makini, tunaona kinachokemewa ndani yake. Katika Mathayo, anayetazamwa ni mtoaji anayepigiwa tarumbeta ili watu wamwone. Katika kitabu cha Samweli, Daudi aliwahesabu wanaume wawezao kushika upanga, yaani alikuwa akipima nguvu zake mwenyewe. Wote wawili walijihesabu wao. Anayeuliza kama mtoto wa jirani amepona homa hajihesabu yeye. Macho yake yako kwa mtoto. Na kama tutakuwa wakweli, picha ile ya kukabidhi msaada, yenye bango na majina ya wafadhili, iko karibu zaidi na tarumbeta kuliko daftari lolote la ufuatiliaji.

Tena Maandiko yenyewe yamejaa watu waliofuatilia. Katika Matendo 6 wajane wa Wayunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema kwamba nia ilikuwa njema na inatosha. Walikubali kwamba ugawaji una kasoro, wakaagiza wachaguliwe watu saba wa kuusimamia. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine waliokubaliwa na makanisa, ili mtu asiwe na la kulaumu (2 Wakorintho 8). Na yule Msamaria wa Luka 10, ambaye sisi wahubiri tumemhubiri kila mwaka, alifanya jambo ambalo kwa kawaida tunalipita haraka. Baada ya mafuta, divai, punda na zile dinari mbili, alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba atarudi. Kusimama njiani tumekukaza sana katika mahubiri. Kurudi hatukugusi.

Yuko pia Danieli. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake hakumtaka msimamizi aamini tu kwamba chakula cha mimea na maji kingewafaa yeye na wenzake. Aliomba wapewe siku kumi, kisha nyuso zao zitazamwe kando ya nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Kundi moja lilipata hiki, kundi la pili lilipata kile, muda ukawekwa, na mwishoni wakalinganishwa. Miaka hii watu wenye elimu kubwa wametunukiwa heshima kwa kufanya jambo la aina hiyo kwa upana na uangalifu zaidi, na mengi ya waliyoyapima yalipimwa hapa jirani, magharibi mwa Kenya.

Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya uchumi ilitolewa kwa Abhijit Banerjee, Esther Duflo na Michael Kremer, kwa kazi yao ya kutafuta kwa majaribio njia za kupunguza umaskini duniani. Kremer alianza majaribio hayo huko Busia katika miaka ya 1990, akishirikiana na shirika la misaada lenye asili ya Kikristo kutoka Uholanzi, lililokuwa likisaidia shule za msingi. Shirika lilikuwa likifanya lile tunalofanya sisi sote: kununua vitabu, sare na madarasa. Swali lilikuwa kama vitu hivyo viliwasaidia watoto kujifunza.

Njia waliyoitumia ni rahisi kuieleza. Tuseme usharika umewapa wakulima ishirini mbegu bora na mwaka huo mavuno yakaongezeka. Je, ni mbegu, au ni mvua iliyonyesha vizuri? Hatuwezi kujua mpaka tutazame na mashamba ya wasiopata mbegu. Na kama tuliwapa wale wenye bidii zaidi, bado hatujui, maana wangeweza kuvuna zaidi hata kwa mbegu za zamani. Kwa hiyo nani aanze kupata huamuliwa kwa kura, ili makundi mawili yafanane kwa kila kitu isipokuwa ule msaada. Baada ya hapo kinachobaki ni subira na ukweli.

Vitabu vilijaribiwa kwanza. Hakuna aliyedhani vitabu vingeshindwa. Darasani mara nyingi watoto kadhaa walikuwa wakichungulia kitabu kimoja. Hata hivyo, shule zilizopewa vitabu hazikuzishinda nyingine kwa wastani wa alama. Waliofaidika ni wale watoto waliokuwa tayari wakiongoza. Sababu haikuwa ngumu kuiona baada ya kuitafuta: vitabu vya mtaala vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na wengi hawakuweza kuvisoma. Vitabu vilikabidhiwa, picha zikapigwa, na mtoto wa katikati na wa nyuma wakabaki walipokuwa.

Kisha ikaja minyoo. Busia iko karibu na Ziwa Victoria, na uchunguzi ulionyesha kwamba zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa na minyoo ya tumbo au kichocho. Kuanzia mwaka 1998 shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000 ziliingizwa kwenye matibabu kwa zamu, kundi baada ya kundi. Vidonge viligharimu chini ya dola moja kwa mtoto kwa mwaka. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na dalili za nafuu zikaonekana hata kwa watoto ambao hawakumeza dawa, kwa kuwa mwenzao aliyepona hakuendelea kuwaambukiza. Miaka ishirini baadaye watafiti waliwatafuta wale wanafunzi, wakiwa sasa watu wazima. Waliokuwa wamepata matibabu kwa miaka miwili au mitatu zaidi walikuwa na matumizi ya nyumbani ya juu kwa takriban asilimia 14.

Hatusemi kwamba kidonge cha minyoo ndiyo habari njema. Wataalamu wengine waliurudia uchambuzi wa takwimu zile mwaka 2015 wakakuta makosa katika baadhi ya mahesabu, hasa kuhusu umbali ambao faida ilienea, na wanaokusanya majaribio ya nchi mbalimbali wanaendelea kubishana juu ya ukubwa wa faida yenyewe. Mabishano hayo hayatusumbui. Tunayaonea wivu kidogo. Katika kazi zetu za huruma ni lini mara ya mwisho mtu alirudi kwenye hesabu za mradi wa miaka kumi na tano iliyopita, akasema hapa mlikosea, na kazi ikaendelea ikiwa imesahihishwa?

Ila ile kura inawachoma wengi, na ni haki iwachome. Inawezekanaje kuwa na dawa mkononi halafu kuwaacha watoto wa shule ya jirani wasubiri ili tu tuweze kulinganisha? Kama dawa ingewatosha wote siku ile ile na mtu akawanyima nusu kwa ajili ya utafiti, tungeiita dhambi. Lakini Busia haikuwa hivyo, na usharika wetu hauko hivyo. Fedha na watumishi havikutosha kuanza kote kwa pamoja. Lazima baadhi wangetangulia. Kinachobaki ni namna ya kumchagua anayetangulia. Katika hali ya kawaida anatangulia aliye karibu na barabara, aliye na ndugu kwenye kamati, aliyezoea kuandika barua za maombi. Kura haimjui mjumbe wala shemeji wa mjumbe. Mitume waliitumia kumpata Mathiya, na kitabu cha Mithali kinaiweka mikononi mwa Bwana. Kwa maoni yetu, msaada usiotosha ukigawanywa kwa kura iliyo wazi ni wa haki zaidi kuliko mwingi tunaougawa sasa kwa kujuana. Sharti ni kwamba waliosubiri wasisahauliwe, na wote waelezwe kinachofanyika kwa lugha wanayoielewa.

Sasa tuje kwenye maneno ambayo tumeyasikia katika kila kamati. La kwanza ni kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mpe mtu chandarua bure, atafunikia vifaranga au kuvulia dagaa. Mwambie achangie kidogo, atakitunza. Jambo hili lilijaribiwa pia magharibi mwa Kenya, katika kliniki za wajawazito. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine kwa bei ndogo zilizotofautiana. Bei ilipofika shilingi 40 za Kenya, ambazo hazikufika dola moja, idadi ya waliochukua ilishuka kwa pointi 60 za asilimia. Na watafiti walipofika majumbani kuangalia, waliopewa bure walikuwa wakikitumia sawasawa na walionunua. Kwa upande wa dawa za minyoo kule Busia, wazazi walipotakiwa kuchangia kidogo, watoto waliotibiwa walishuka kutoka robo tatu hadi chini ya mmoja kati ya watano. Bei ndogo haikuwachuja wasiojali wakabaki wanaojali. Iliwachuja wasio na fedha siku ile.

Kwetu Tanzania tulikuwa na Hati Punguzo kuanzia mwaka 2004: mama mjamzito alipewa hati kliniki akaenda nayo dukani kununua chandarua kwa bei iliyopunguzwa. Ilisaidia wengi. Baadaye serikali ikaona kwamba wapo wanaobaki nje, ikagawa vyandarua bure nchi nzima, vingi vikiwa vimetengenezwa hapa hapa Arusha. Katika bara la Afrika, makadirio yaliyotolewa mwaka 2015 yalisema kwamba jitihada za kupambana na malaria zilizuia wagonjwa wapatao milioni 663 tangu mwaka 2000, na zaidi ya nusu ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua. Sisi tunaohubiri neema iliyotolewa bure tungepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba cha bure lazima kidharauliwe.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo husemwa kwa sauti ya chini. "Mchungaji, tukimpa fedha mkononi, itaishia kilabuni." Kwa sababu hiyo tunampa unga hata kama anachokosa ni dawa, na tunampa blanketi hata kama paa linavuja.

Rarieda, katika kaunti ya Siaya, shirika moja lilipeleka fedha moja kwa moja kwa kaya maskini kupitia simu, kwa M-Pesa, bila kuwapangia matumizi. Wapokeaji walichaguliwa kwa kura ili waweze kulinganishwa na wengine. Nyumba nyingi zilizokuwa za nyasi zilipata bati. Mtu wa mjini anaweza kuona bati ni anasa, lakini aliyeishi chini ya nyasi anajua kwamba paa lile hudai fedha na kazi kila baada ya muda mfupi, na kwamba bati ni akiba. Wengine walinunua mifugo, wakaongeza chakula. Matumizi ya pombe na tumbaku hayakuongezeka. Wachumi wa Benki ya Dunia walipoyakusanya majaribio ya namna hii kutoka nchi nyingi, walikuta hali ile ile: maskini akipata fedha, kwa kawaida pombe haipandi, na mahali pengine inapungua.

Yako ya kulalamikia pia. Huko huko Rarieda, majirani walioona wenzao wakipata na wao wasipate waliripoti kuridhika kidogo zaidi na maisha yao kwa muda. Yeyote aliyewahi kugawa msaada kanisani anajua jambo hilo bila kusoma utafiti. Jaribio kubwa zaidi lililofuata Siaya, katika vijiji 653, lilionyesha upande mwingine: fedha zilizotolewa zilizunguka kwa wenye maduka, mafundi na vibarua, na hata kaya ambazo hazikupokea chochote zikanufaika, huku bei za bidhaa zikipanda kwa kiasi kidogo mno. Wivu ulikuwapo, na faida ya jirani ikawapo.

Hapa ndipo tunaposikia ule usemi wa samaki: usimpe mtu samaki, mfundishe kuvua. Tumeuhubiri mpaka umechakaa. Watu wa Rarieda wanaishi kando ya ziwa. Kuvua wanajua kuliko sisi. Wasichokuwa nacho ni nyavu, na fedha za kuwatibu watoto katika mwezi ambao ziwa limekataa kutoa. Semina zetu za ujasiriamali za siku mbili, zenye soda na cheti, zimejengwa juu ya imani kwamba maskini ni maskini kwa kutojua. Mara nyingi anajua sana. Mama anayelisha watoto watano kwa shilingi elfu tatu anapanga bajeti kila siku, tena bajeti ngumu kuliko ya usharika.

Mikopo midogo nayo ilitukuzwa sana. Muhammad Yunus na Benki ya Grameen walipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006, na watu wengi wakatumaini kwamba mkopo mdogo ungewatoa maskini kwenye umaskini. Majaribio sita kutoka nchi sita, yaliyochapishwa pamoja mwaka 2015, yalirudisha matumaini hayo chini kidogo: mikopo iliwasaidia baadhi kupanua biashara zao na kuwa huru zaidi katika kupanga, lakini kwa wastani haikuinua sana kipato. Vikundi vyetu vya VICOBA havipaswi kuvunjwa kwa habari hiyo. Vinafaa kwa kuweka akiba na kwa siku ya msiba. Tuache tu kumwahidi mama asiye na kitu kwamba deni litamfanya mfanyabiashara.

Njia iliyofanya vizuri kwa maskini wa chini kabisa ni ile iliyoanzishwa na shirika la BRAC huko Bangladesh. Kaya hupewa kitu cha kuzalisha, kama mbuzi, ng'ombe au kuku, hupewa posho ndogo ya chakula kwa miezi kadhaa ili isilazimike kumla mbuzi, hufundishwa kumtunza, hufunguliwa akiba, na kwa muda wa miaka miwili hivi kuna mtu anayewatembelea mara kwa mara, kwa jina lake, akijua jina la mtoto na la mbuzi. Ilijaribiwa katika nchi sita, Ethiopia na Ghana zikiwamo, kwa zaidi ya kaya 10,000. Mwaka mmoja baada ya mpango kwisha kaya hizo zilikuwa bado zinakula vizuri zaidi na zina mali zaidi kuliko wenzao wasioingia. Honduras ilikuwa tofauti: wengi walichukua kuku, kuku wakafa kwa ugonjwa. Anayefuga kuku kijijini hatashangaa.

Tunapoisoma orodha ile, kipande cha mwisho ndicho kinachotugusa. Mgeni wa kila wiki! Mashirika hulipa mishahara kumpata mtu huyo. Sisi tunaye. Tuna jumuiya zinazokutana nyumba kwa nyumba, tuna wazee wa kanisa wenye mitaa yao, tuna wainjilisti wanaojua ni mlango gani haukufunguliwa tangu juzi. Kwa upande wa fedha kanisa haliwezi kushindana na serikali. TASAF, iliyoanzishwa mwaka 2000, na mpango wake wa kunusuru kaya maskini, imezifikia kaya zaidi ya milioni moja, na hakuna mfuko wa dayosisi unaokaribia hapo. Lakini kujua kaya ipi imerukwa kwenye orodha, na kurudi kuangalia, hiyo ni kazi inayotufaa.

Hata shule zetu zina la kujifunza. Katika shule za msingi 350 za Tanzania lilifanywa jaribio liitwalo KiuFunza. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya fedha, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayeweza kusoma na kuhesabu, nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake, baada ya miaka miwili, haikuinua matokeo ya watoto. Bonasi peke yake ilileta matokeo mchanganyiko. Vyote viwili pamoja viliinua. Ukiangalia miradi yetu ya elimu, karibu yote ni ya aina ya kwanza: dawati, bati, rangi ya ukutani.

Baada ya kusema haya yote, tuna deni la kusema na yale ambayo vipimo haviwezi. La kwanza ni ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1990 zaidi ya mtu mmoja kati ya watatu duniani aliishi katika umaskini wa kupindukia. Kufikia mwaka 2019 alikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Sehemu kubwa ya badiliko hilo ilitokea China na Asia kwa ujumla, nayo ilitokana na kilimo, viwanda, barabara na sera za serikali. Vidonge na misaada vilikuwa na sehemu ndogo. Kusini mwa Sahara uwiano umeshuka, lakini idadi ya maskini imeongezeka kwa sababu watu wameongezeka. Anayedhani kwamba daftari la usharika litafuta umaskini hajasoma takwimu hizo. Na anayenukuu maneno ya Bwana kwamba maskini watakuwapo siku zote, kana kwamba ni ruhusa ya kupumzika, ajue kwamba yanarudi kwenye Kumbukumbu la Torati 15, ambapo kuwapo kwao ndiyo sababu iliyotolewa ya kufungua mkono.

La pili linatusumbua zaidi. Fedha ikifuata vipimo tu, itakwenda pale inapozaa zaidi: kwa mtoto mwenye minyoo, kwa mjamzito, kwa kijana wa kuanzisha banda la kuku. Haitakwenda kwa bibi wa miaka themanini aliyelala upande mmoja tangu kiharusi, ambaye shilingi elfu kumi ya kwake haitabadilisha lolote isipokuwa wiki hii atapata sabuni, maziwa na mtu wa kukaa naye. Hakuna jaribio litakalomweka juu ya orodha. Hata hivyo, wajane wa Matendo 6 walikuwa watu wa namna hiyo, nasi tunaamini kwamba siku kanisa litakapomwacha bibi huyo kwa sababu hazai matunda, litakuwa limeacha kuwa kanisa.

Hatujaweza kuyapatanisha mambo haya mawili kwa kanuni moja, wala hatudhani kanuni hiyo ipo. Tunachoona ni kwamba yanakosana mara chache kuliko tunavyosingizia. Katika mifuko mingi ya udiakonia bibi yule hajanyang'anywa maziwa yake na vidonge vya minyoo. Amenyang'anywa na mafulana ya maadhimisho, chakula cha wageni waalikwa, semina zisizofuatiliwa na magunia yaliyopelekwa kwa aliyepiga simu kwanza. Kupima kungeyaondoa hayo kabla ya kumgusa yeye. Na kwa bibi pia kuna la kupima: je, maziwa yalifika, yalinywewa na nani, vidonda vya mgongoni vimepungua? Huko ni kumpenda hadi mwisho wa jambo.

Bajeti za sharika nyingi huandaliwa kabla ya mwaka kwisha. Tungependa kamati za udiakonia zijaribu daftari la pili, kando ya lile la sadaka, lisilo na mambo mengi: jina la kaya, walichosema wao wenyewe kwamba wanakihitaji, kilichotolewa, tarehe, na tarehe ya kurudi pamoja na kilichokutwa siku hiyo, kizuri au kibaya, kikiwa kimetiwa saini na watu wawili. Pale ambapo msaada hautoshi waombaji wote, majina yaingie kwenye kofia mbele ya watu, na waliobaki waandikwe kwa ajili ya zamu inayofuata. Baada ya mwaka, daftari hilo lisomwe kanisani kwa kuficha majina, Jumapili ile ile inaposomwa taarifa ya mapato.